Upimaji wa Asiyeumwa

Mwambie mchimbaji mdogo wa Geita apeleke choo maabara: atajua unamtafutia minyoo au kichocho. Hajakosea. Kandokando ya Ziwa Victoria kichocho cha tumbo ni ugonjwa wa tangu na tangu. “Kupima choo” kuna mwenyewe tayari, na kipimo cha saratani ya utumbo mpana kinapobisha hodi hukuta nafasi imekaliwa.

Kiingereza huita kazi hii ya kumpima asiyeumwa “screening”, jina ambalo huhusu pia chekeche la kokoto na makaa. Tukitaka kulielewa, twende Maganzo, wilayani Kishapu, jirani na mgodi wa Mwadui. Mtafuta almasi huchekecha changarawe, kisha huinamia kilichobaki na kukichambua kwa jicho. Hakuna anayembebea mnunuzi chekeche zima akidai bei ya almasi.

Kipimo cha choo nacho ni chekeche. Hakioni saratani, kinanasa damu fiche, yaani ile isiyoonekana kwa macho. Kile cha zamani hutumia utomvu wa mti wa guaiac, nacho huweza kudanganywa na nyama nyekundu uliyokula. Cha kisasa hutumia kingamwili zinazoitambua damu ya binadamu peke yake. Lakini bawasiri hutoa damu, na kichocho cha tumbo vilevile. Kwa hiyo damu ikionekana, bado hujaambiwa una saratani. Unatakiwa kufanyiwa kolonoskopi, kamera ipite ndani ya utumbo. Isipoonekana, usijitangazie uzima wa milele: vinyama vinavyoweza kugeuka saratani huvuja siku moja na kukauka nyingine. Ndiyo maana kipimo hurudiwa. Utafiti wa Minnesota, Marekani, uliochapishwa 1993, ulionyesha kuwa kupima kila mwaka kulipunguza vifo vya saratani hii kwa theluthi moja.

Basi “screening” tuiite nini kwa Kiswahili? “Upimaji” ni mpana mno. Hata dhahabu hupimwa kwenye mizani. “Mchujo” umeshazoeleka kwenye kura za maoni, na anayechujwa huko ndiye aliyeshindwa. “Uchunguzi” peke yake unanukia polisi, tena humhusu hata mgonjwa aliyekwisha kulazwa. Kliniki zetu husema “uchunguzi wa awali” kwa saratani ya mlango wa kizazi. Nami nalichagua hilo, kwa sharti moja: “awali” isomeke kuwa kabla ugonjwa haujajionyesha, isiwe tu hatua ya kwanza ya matibabu.

Sharti hilo lina uzito. Madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, waliandika 2013 kwamba wagonjwa wao wengi wa saratani hii walifika ikiwa imekwisha kukomaa. Na anayeiona damu chooni kwa macho yake amekwisha kuivuka awali. Huyo asisubiri chekeche, aende hospitali moja kwa moja.

Istilahi haimalizi kazi kwenye kamusi. Huimaliza dirishani, muuguzi anapomkabidhi mtu kikopo: “Mzee, safari hii hatutafuti minyoo. Tunatafuta damu usiyoiona, na tunaitafuta kwa sababu huumwi.”