LAKI SITA NA NUSU KARIAKOO: LAPTOP YA MTUMBA INA HISTORIA, ASIYEIJUA ANAPIGWA

Jumamosi asubuhi, kijana mmoja anashuka mwendokasi kituo cha Msimbazi. Begi kaliweka kifuani, siyo mgongoni, maana ndani kuna laki sita na nusu. Jina lake halina haja hapa, kwa sababu wako wengi kama yeye kila vyuo vikifungua. Yuko mwaka wa kwanza, anasoma uhandisi ujenzi. Laki tatu imetoka kwenye kikoba cha mama yake anayeuza chapati. Laki mbili kachanga kaka yake wa bodaboda. Iliyobaki ni bumu lake mwenyewe, alilobana kwa kula mihogo.

Hela ya kula na kulala anayopewa na Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku. Kwa hiyo begi lile limebeba siku 65 za kuishi. Akiuziwa kimeo, hakuna kikoba kingine mwaka huu.

Dukani, mtaa wa Aggrey, muuzaji anampokea kwa tabasamu. "Karibu mdogo wangu. Mashine ya chuo? Hapa umefika." Anaweka mbili mezani, zote HP EliteBook 840. Ya kwanza inang'aa, ina stika ya i7, bei laki sita. Ya pili ina mikwaruzo kwenye mfuniko, herufi za kibodi zimeanza kufutika, stika inasema i5, bei laki sita na arobaini.

"Sasa piga hesabu mwenyewe," anasema muuzaji. "i7 kwa laki sita, i5 kwa laki sita na arobaini. Kuna la kufikiria hapo?"

Lipo. Ila ili ulione, inabidi urudi nyuma kidogo, mpaka enzi ambazo nchi nzima ilikuwa kwenye viatu vya huyu dogo.

INJINIA ALIYESOMA BILA KOMPYUTA

Kutoka Aggrey mpaka DIT ni mwendo wa miguu tu. Chuo hicho kilianza mwaka 1957 kama Dar es Salaam Technical Institute, baadaye kikawa Chuo cha Ufundi ambacho wazee wa mjini bado wanakiita Dar Tech. Jina la DIT lilikuja 1997. Kule Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973. Kabla ya hapo, Mtanzania aliyetaka digrii ya uinjinia bila kutoka Afrika Mashariki alikuwa anaelekea Nairobi.

Hao wa mwanzo walisoma na nini? Ubao wa kuchorea, rula ndefu yenye umbo la T, penseli ngumu, na rula ya kukokotolea, ile yenye kipande cha katikati kinachoteleza. Kikokotoo cha mfukoni cha kwanza chenye hesabu za kisayansi, HP-35, kilitoka Marekani mwaka 1972 kwa dola 395. Mchoro ukikosewa, unafuta na wembe au unaanza upya. Madaraja na majengo ya kipindi hicho yalichorwa hivyo hivyo, na mengi bado yamesimama.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kukumbuka: laptop haijawahi kumfanya mtu kuwa injinia. Ila leo kazi za darasani zinataka AutoCAD, na mwalimu hatapokea mchoro wa penseli. Bila mashine, mwanafunzi anakaa foleni ya maabara ya kompyuta, au anaomba ya rafiki saa sita usiku.

SERIKALI NAYO ILISHAWAHI KUUMIA

Hii wengi hawaijui. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, mashine ya kampuni ya Uingereza. Baadaye wakaamua kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine kubwa zaidi. Mashine ikaja, lakini wataalamu wa kuiendesha hawakutosha, na wageni waliokuja nayo ndio waliojua inavyofanya kazi. Mfumo ukayumba, hela zikapotea, hesabu zikarudishwa kwenye mikono na madaftari.

Mwaka 1974 serikali ikasema basi. Ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na kila dola iliyokwenda kwenye mashine isiyofanya kazi ilikuwa imetoka kwenye mafuta au dawa. Marufuku hayo yakaanza kulegea miaka ya 1980.

Leo vijana wanacheka wakisikia kompyuta iliwahi kupigwa marufuku. Ila ukitazama vizuri, kosa lile ni lile lile linalofanyika Kariakoo kila Jumamosi. Mnunuzi mwenye hela ya mawazo ananunua mashine kwa kuamini maneno ya anayeiuza, halafu hakuna wa kumwambia ndani kuna nini. Tofauti ni kwamba serikali iliweza kutunga marufuku. Mama wa kikoba hawezi.

RUKSA, MITUMBA NA MASHINE ZA MABOSI

Mwaka 1985 akaingia Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa mwenyewe. Biashara ikafunguliwa, mitumba ya nguo ikajaa, na Kariakoo ikapata sura inayojulikana leo. Eneo lenyewe jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Mpaka leo pale ni mahali pa mizigo, na mzigo mmojawapo ni laptop.

Lakini laptop ilichelewa kufika kwa mtu wa kawaida. Osborne 1 ya mwaka 1981, iliyotangazwa kama kompyuta ya kubebeka, ilikuwa na kilo 11, yaani ndoo ya lita kumi na zaidi kidogo. ThinkPad 700C ya IBM ya mwaka 1992 iliuzwa dola 4,350. Hiyo ilikuwa mashine ya mabosi, siyo ya mtoto wa muuza chapati. Dar nayo ilibaki inategemea intaneti ya setilaiti, ghali na ya kusuasua, mpaka Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika.

Kilichombadilishia maisha mwanafunzi wa hali ya chini ni mtumba. Kampuni za Ulaya, Marekani na Ghuba hununua laptop kwa mamia, zikatumika miaka mitatu mpaka mitano, kisha zikauzwa kwa mkupuo na kununuliwa mpya. Mashine hizo zinasafishwa, zinapangwa, zinapakiwa, nyingine zinapitia Dubai, na mwisho zinatua Kariakoo. Ndiyo maana maduka yamejaa majina matatu: HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad. Zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi, zina bawaba ngumu, na nyingi zinafunguka kirahisi kuongeza RAM au kubadilisha diski.

Kwa bei hiyo hiyo mtu anaweza kupata laptop mpya kabisa, kitu na boksi. Ila mpya ya bei chee mara nyingi ina prosesa dhaifu na RAM ya GB 4 iliyogandishwa kwenye bodi. Kwa kuangalia muvi itatosha. Kwa AutoCAD itakuwa kilio.

STIKA INADANGANYA, NAMBA HAIDANGANYI

Sasa turudi Aggrey, kwenye zile mbili mezani.

Dogo anaomba ziwashwe zote. Kwenye ile inayong'aa, mipangilio inaonyesha i7-6600U. Kwenye ile yenye mikwaruzo, i5-8350U. Hapo ndipo stori yote ilipo. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi cha prosesa. 6 ni kizazi cha sita, cha mwaka 2015. 8 ni kizazi cha nane, cha 2017.

Miaka miwili inaonekana midogo, lakini katikati yake kulitokea jambo. Mpaka kizazi cha saba, prosesa za laptop nyembamba zenye herufi U mwishoni zilikuwa na viini viwili tu, yaani mafundi wawili wanaofanya kazi humo ndani, hata kama stika imeandikwa i7. Kizazi cha nane kikaja na viini vinne. Kwa hiyo i7 inayong'aa ina mafundi wawili. i5 yenye mikwaruzo ina wanne.

Kuna la pili. Microsoft ilifunga masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane. Kampuni kubwa duniani zimezitoa mashine za kizazi cha sita na cha saba kwa sababu hiyo hiyo. Zinapotua Kariakoo na bei nzuri, siyo bahati. Zimekimbiwa.

Ndiyo maana i5 ilikuwa na bei ya juu. Muuzaji alijua. Bei zenyewe zilikuwa zinaongea, ila kwa lugha ya wanaojua namba.

Na namba hizo zinasomeka hata kabla mashine haijawashwa. EliteBook 840 G3 ni kizazi cha sita, G4 cha saba, na ukifika G5 ndipo unaanza kukutana na cha nane. ThinkPad T470 ni cha sita au cha saba, T480 ndiyo inaleta cha nane. Latitude 7480 ni ya zamani kuliko 7490. Zipo G5, T480 na 7490 chache zenye kizazi cha saba, kwa hiyo lazima uiwashe uhakikishe.

KILA KOZI NA MZIGO WAKE

Siyo kila injinia anahitaji mashine ile ile. Wa umeme, mawasiliano na kompyuta, wanaoandika kodi na kukokotoa kwa MATLAB, watafika mbali na i5 ya kizazi cha nane, RAM GB 8 na SSD ya GB 256. Wa ujenzi wanaochora kwa AutoCAD waanzie hapo hapo, wakiwa na mpango wa kufika GB 16. Wa mitambo wanaochora vitu vya pande tatu kwa SolidWorks, na wasanifu majengo wa Revit, hao wakipata yenye kadi yake ya michoro wataishi kwa amani, ila bajeti lazima ipande.

Kubanwa na hela kukizidi, anza na SSD na kizazi cha prosesa. RAM inaongezwa baadaye kama nafasi ipo. Prosesa ya laptop hizi imegandishwa, haibadilishwi.

Programu nazo zisiwe kisingizio cha kununua za wizi zenye virusi. Autodesk inawapa wanafunzi AutoCAD bure wakithibitisha usajili wao wa chuo. FreeCAD na GNU Octave ni bure kwa kila mtu.

DAKIKA ISHIRINI ZA MWISHO

Dogo hana haraka. Anachukua namba ya mashine iliyo chini ya ile i5, anaiingiza kwenye tovuti ya HP kwa simu. Waranti ilianza 2018, ikaisha 2021. Hiyo ni mashine ya ofisi kweli. Anaizima, anaiwasha tena na kuingia BIOS, haimwombi neno siri. Ingeomba, angeiacha, maana mashine iliyofungwa na mwajiri wa zamani inaweza kukugeuka siku yoyote. Anajaribu kila kitufe, kila tundu la USB, kamera, spika, waifai.

Mwisho anafungua dirisha la amri, anaandika powercfg /batteryreport. Ripoti inasema betri ilizaliwa na mWh 50,000, sasa inabeba 29,000.

"Kaka, betri imebaki nusu na kidogo," anasema kwa upole.

Muuzaji anaitazama ile ripoti, anacheka. "Dogo, wewe umetumwa na nani?"

Wanavutana. Laki sita na arobaini inashuka mpaka laki sita na kumi, na chaja juu. Dogo anaomba risiti ya EFD, siyo kikaratasi. Anaomba pia guarantii ya miezi mitatu iandikwe kwa mkono na mhuri wa duka, na namba ya mashine iandikwe humo humo. Anabaki na elfu arobaini, ndiyo mwanzo wa betri mpya.

Nje, wapiga debe wanaita, toroli linapita na marobota, jua limeshapanda. Begi limerudi kifuani, safari hii zito zaidi. Simu inaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umepata? i7 kama alivyosema kaka yako?"

"Nimepata i5, mama. Ina mikwaruzo kidogo."

Kimya kidogo upande wa pili. Kikoba kinarudishwa kwa miezi sita, kila Jumapili.

"Inafanya kazi lakini?"

"Inafanya kazi, mama. Nimeikagua mwenyewe."