Kupata na Kutunza: Fundisho la Magombo ya Qumran

Katika mafundisho ya Agano la Kale husimuliwa mara nyingi jinsi magombo ya Qumran yalivyogunduliwa mwaka 1947 katika pango karibu na Bahari ya Chumvi. Simulizi hilo huishia kwenye ugunduzi, kana kwamba kazi ilikamilika siku magombo yalipotoka pangoni. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba hatari nyingine ilianzia hapo: kilichotolewa ardhini chaweza kupotea mara ya pili, tena mikononi mwa wale wanaokithamini.

Kwa muda wa miaka ipatayo 2,000, giza na ukavu wa jangwa vilizitunza hati hizo. Baadhi ya magombo ya Pango la 1 yalikuwa yamefungwa kwa kitani na kutiwa katika mitungi. Desturi hii si ngeni kwa msomaji wa Biblia. Katika Yeremia sura ya 32, Baruku anaagizwa kuzitia hati za ununuzi wa shamba katika chombo cha udongo ili zisiharibike.

Pango la 4, lililogunduliwa mwaka 1952, lilikuwa na hali tofauti. Humo vilipatikana vipande vipatavyo 15,000 vya hati zaidi ya 500, vikapelekwa katika Makumbusho ya Akiolojia ya Palestina mjini Yerusalemu. Wataalamu walivinyosha, wakavilinganisha, wakavibana katikati ya vioo. Ili kuviunganisha walitumia selotepu, maana wakati ule ilionekana kuwa njia rahisi. Miaka ilipopita, gundi ilipenya ndani ya ngozi na kuitia weusi, hata baadhi ya herufi zikawa hazisomeki. Mwaka 1956, wakati wa vita vya Suez, vipande hivyo vilitiwa katika makasha na kupelekwa kwenye benki huko Amman. Viliporudishwa mwaka 1957, unyevu ulikuwa umevidhuru zaidi.

Mwaka 1991 Mamlaka ya Mambo ya Kale ya Israeli ilianzisha maabara maalumu ya kuhifadhi magombo. Selotepu ilianza kubanduliwa, kipande baada ya kipande, kazi iliyodai miaka mingi. Hapo twaona kanuni ya kwanza ya utunzaji: kitu cha kale kisitendewe jambo ambalo baadaye haliwezi kuondolewa bila kukidhuru.

Kanuni ya pili yahusu kumbukumbu. Katika miaka ya 1950 mpiga picha wa makumbusho, Najib Albina, alivipiga vipande hivyo picha kwa mionzi ya infraredi. Leo picha zake zaonyesha herufi ambazo ngozi yenyewe haina tena. Kwa hiyo picha nazo zimekuwa hazina, nazo zahitaji kutunzwa kama magombo.

Vivyo hivyo kuhusu magofu ya Qumran. Padre Roland de Vaux, Mdominikani, aliyachimba kati ya mwaka 1951 na 1956, akafariki mwaka 1971 kabla ya kutoa taarifa kamili. Mtungi usiojulikana ulitoka chumba gani na tabaka gani ni mtungi tu. Hauwezi kutueleza ni nani walioishi pale, wala lini. Lakini maandishi yake ya kazi yalihifadhiwa, na mwaka 1994 Jean-Baptiste Humbert na Alain Chambon waliyachapisha pamoja na picha na michoro. Ndipo wengine walipoweza kuyapima upya maoni yake kwa ushahidi wake mwenyewe.

Jambo hili latugusa hata sisi tusiochimba magofu. Katika sharika nyingi ziko daftari za ubatizo, barua na picha za miaka ya mwanzo ya kazi. Yeye aonaye ukurasa umechanika, asikimbilie selotepu. Na auweke ndani ya bahasha safi, mahali pakavu pasipo jua wala mchwa, na kuandika kwa penseli juu ya bahasha umetoka daftari gani, mwaka gani na usharika gani. Kazi hiyo haina sifa za mgunduzi. Lakini mwanafunzi atakayeandika historia ya usharika huo miaka 100 ijayo ataitegemea.