Mafundi wa Como na barometa za Uingereza

Barometa nyingi za kale zilizotundikwa kwenye kuta za nyumba za Uingereza zina majina ya Kiitaliano: Tagliabue, Ronketti, Ortelli, Pastorelli. Hao walikuwa mafundi wahamiaji, wengi wao kutoka pande za Ziwa Como, kaskazini mwa Italia.

Chombo chenyewe, kinachopima msukumo wa hewa, nacho asili yake ni Italia. Wachimba visima walikuwa wamegundua kwamba pampu haivuti maji kupita kama mita 10. Katika miaka ya 1640, Evangelista Torricelli wa Florence alieleza sababu: hewa ina uzito, na uzito huo ndio unaoyasukuma maji. Alijaribu kwa zebaki, iliyo nzito kuliko maji zaidi ya mara 13, nayo ikasimama kwenye bomba la kioo kwa kimo cha sentimita 76 hivi. Baadaye ilibainika kwamba zebaki ikishuka ghafla, dhoruba haiko mbali.

Mwingereza Robert Hooke akabuni barometa ya mshale katika miaka ya 1660. Kielea hukaa juu ya zebaki, uzi wake hupita kwenye kapi, na kapi ikizunguka huusogeza mshale kwenye uso wa duara. Mtu wa kawaida akaweza kuisoma bila kupima kimo cha zebaki.

Mafundi wa Como walianza kumiminika mwishoni mwa karne ya 18. Wengine walichuuza barometa kijiji kwa kijiji. Wengine walifungua karakana London, katika mitaa ya Holborn, Hatton Garden na Clerkenwell. Fundi hodari aliichemsha zebaki ndani ya bomba ili kutoa mapovu ya hewa, kazi ya hatari kwa kuwa mvuke wake ni sumu. Henry Negretti, mzaliwa wa Como, aliungana na Joseph Zambra mwaka 1850, na kampuni yao ikapata sifa kubwa kwa vipimo vya hali ya hewa.

Hata hivyo, mwaka 1844 Mfaransa Lucien Vidie alikuwa amesajili barometa isiyo na zebaki, inayotumia kikopo cha bati jembamba kilichoondolewa hewa. Ilikuwa nyepesi na rahisi kubeba, ikalichukua soko polepole.

Aliyerithi barometa ya zebaki asiilaze wala kuipindua. Zebaki ikimwagika, nyumba huingia sumu. Kazi ya kuihamisha amwachie fundi anayeijua.