Ainsworth wa Kisumu: Simsim, Barabara na Bunduki

John Ainsworth alipokabidhiwa Jimbo la Nyanza mwaka 1907, Kisumu ulikuwa mji mchanga. Reli ilikuwa imefika ufukweni Desemba 1901, mahali ambapo Waingereza walipaita Port Florence, na hadi Aprili 1902 eneo hilo lote lilihesabiwa upande wa Uganda. Kabla ya Ainsworth, ofisa C. W. Hobley, ambaye Waluo walimwita Obilo, alikuwa amewatiisha Wabukusu, kisha Waluo wa Ugenya, Seme na Uyoma, kwa misafara ya kuchoma vijiji na kuteka ng'ombe. Huko milimani, juu ya njia ya reli, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alikuwa ameuawa kwa risasi tarehe 19 Oktoba 1905. Kwa hiyo historia ya Kisumu huandikwa kana kwamba ina milango miwili: mlango wa vita, wake Hobley, na mlango wa ujenzi, wake Ainsworth. Mgawanyo huu unapotosha. Aliyejenga na aliyepiga walikuwa serikali moja, yenye haja moja, nayo ilikuwa kodi.

Tuanze na ujenzi, maana haufai kubezwa. Ainsworth, mzaliwa wa 1864 karibu na Manchester, hakuwa mgeni wa kazi: alikuwa ameshika boma la Machakos tangu 1892, enzi za kampuni iliyotawala kabla ya serikali ya Uingereza. Nyanza aliona jambo ambalo wakubwa wengi wa Nairobi hawakutaka kuliona, kwamba mkulima mweusi akipata mbegu, njia na soko anaweza kuilisha reli bila kusukumwa kwenda shamba la mzungu. Akahimiza barabara, akasambaza mbegu za pamba, simsim, njugu na mahindi, akawapokea wenye maduka wa Kihindi wanunue mazao hadi vijijini. Lakini angalia kilichokubalika na kilichokataliwa. Pamba, iliyotakiwa sana na viwanda vya Uingereza, ilisuasua, kwa kuwa ilidai palizi majira yale yale ya chakula na bei yake ilikuwa hafifu. Simsim ilistawi. Waluo waliijua tangu zamani kwa jina la nyim. Ilikuwa mbegu ya nyumbani, na hata mnunuzi asipofika, huliwa. Sifa ya mavuno hayo tunampa Ainsworth kwa wepisi mno. Wanawake walioinama kondeni ndio waliochagua zao, na walilichagua kwa sababu zao. Sehemu ya fedha iliyopatikana ilirudi bomani, maana kila nyumba ilidaiwa kodi kwa rupia, na rupia haioti shambani.

Pale ambapo rupia haikutoka kwa hiari, bunduki ilikuwa karibu. Boma la kusini lilikuwa kwanza Karungu, kando ya ziwa; mwaka 1907 likahamishiwa Kisii, katikati ya Wagusii, ambao walikwisha onja risasi za mwaka 1905. Januari 1908 kijana Otenyo, aliyetiwa moyo na mwaguzi Moraa, alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, G. A. S. Northcote. Northcote alipona. Wagusii walilipa kwa nyumba zilizochomwa, mifugo iliyotekwa na watu waliouawa kwa wingi kiasi kwamba Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, alipeleka simu akihoji ulazima wa mauaji hayo. Northcote akapanda ngazi hadi kuwa gavana wa Hong Kong, 1937 hadi 1941. Otenyo aliuawa, na Wagusii husema hadi leo kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza.

Mtetezi wa Ainsworth atasema kwamba askari wa KAR, jeshi la kikoloni, walikuwa na makamanda wao, na kwamba masetla wenyewe walimchukia kwa kuwapendelea Waafrika. Yote mawili ni kweli, tena la pili ni heshima kwake. Lakini upendeleo wa mtawala hupimwa siku masilahi yanapogongana. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alisema amemezwa na joka la ziwani, Mumbo, na kutapikwa akiwa na ujumbe kwamba wazungu wataondoka. Jimbo lililoridhika na barabara na mbegu lisingemsikiliza mtu huyo, achilia mbali kumfuata hadi Ugusii, ambako Septemba 1914, Vita Kuu vilipoanza, watu walipora mji wa Kisii mara Waingereza walipoukimbia mbele ya Wajerumani. Kisha mwaka 1917 Ainsworth akawekwa kuwa kamishna wa kazi za jeshi, na takriban wanaume 120,000 wakakusanywa kwa miezi michache kuwa wapagazi, Nyanza ikitoa fungu kubwa. Ujuzi wake wa machifu, njia na hesabu za vijiji, uliokusanywa kwa ajili ya simsim, ndio uliowafikia wanaume hao. Mtaa wa Kariakor, Nairobi, una jina la kikosi chao. Makumi ya maelfu hawakurudi.

Na tarehe 23 Oktoba 1919, akiwa kamishna mkuu wa mambo ya wenyeji, alitia sahihi waraka wa Gavana Northey ulioagiza maofisa na machifu wahimize watu, hata wanawake na watoto wa jirani, kwenda kufanya kazi mashamba ya masetla. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliuita utumwa, waziwazi. Tuseme aliamriwa, lakini mtu aliyebishana na masetla kwa miaka kumi alijua hasa anachosaini.

Mwaka 1920 akastaafu, akaenda Afrika Kusini, akafia huko 1946. Nyuma yake kodi ilipanda hadi shilingi 16. Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, Gem, wakaunda chama chini ya Jonathan Okwiri, wakadai kodi ipunguzwe, kipande kiondolewe na nchi iache kuitwa koloni. Mwaka uliofuata kodi ikashushwa hadi shilingi 12. Vuguvugu lao waliliita Piny Owacho, nchi imesema. Yalikuwa maneno ya machifu walipotangaza amri za boma, kwa kuwa piny kwa Kijaluo ni nchi na ni serikali pia. Vijana wa misheni waliyachukua yale yale, wakayasema wao.