Ng'ombe Hapandi Levo

Katika gemu za Pokémon, zilizoanza kuuzwa Japani Februari 1996, yumo samaki dhaifu aitwaye Magikarp, ambaye kazi yake kubwa ni kurukaruka. Mchezaji akimvumilia mpaka levo ya 20, skrini inametameta na samaki huyohuyo anakuwa joka la majini, Gyarados. Gemu inaliita tendo hilo mageuko, jina lilelile ambalo kitabu cha biolojia kinalitumia kwa historia ya viumbe. Kijana wa Ipagala anayecheza gemu hizo usiku na kufungua kitabu hicho asubuhi ana kila sababu ya kudhani kwamba kiumbe hubadilika akiwa mmoja, kwa ghafla, na daima kwa kupanda. Uwanda wa kati wa Tanzania, ambao Ipagala ni kata yake mojawapo ndani ya Jiji la Dodoma, una historia inayoyakanusha yote hayo, na ushahidi wake mzuri zaidi umo kwenye maziwa.

Mtoto mchanga ana kimeng'enya cha laktasi kinachovunja sukari ya maziwa. Kwa watu wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua baada ya kuachishwa ziwa, na mtu mzima akinywa maziwa yasiyogandishwa tumbo linajaa gesi au anaharisha. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo vya watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Walikuta kwamba Waafrika Mashariki wengi wanaomudu maziwa ukubwani wana badiliko la herufi moja tu ya vinasaba, tofauti na lile la Wazungu, na wakalikadiria kuwa na umri wa kati ya miaka 2,700 na 6,800. Sasa tazama kilichokutwa ardhini. Huko Luxmanda, kaskazini mwa Dodoma katika wilaya ya Babati, wafugaji waliishi yapata miaka 3,000 iliyopita. Vigae vya vyungu vya wafugaji wa kale kutoka Kenya na Tanzania vimekutwa na mabaki ya mafuta ya maziwa. Lakini utafiti wa mwaka 2019 uliosoma vinasaba vya watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania ulimpata mmoja tu mwenye herufi hiyo: mtu aliyezikwa kwenye pango la Gishimangeda, karibu na Ziwa Eyasi, takriban miaka 2,000 iliyopita. Maana yake watu walikamua na kunywa vizazi kwa vizazi kabla herufi hiyo haijaenea. Aliyezaliwa bila herufi hiyo alikufa bila hiyo, hata angekunywa vibuyu vingapi. Kilichobadilika ni hesabu ya ukoo: wenye herufi hiyo waliacha watoto wengi kidogo kuliko wenzao, na watoto wao vivyo hivyo.

Msomaji makini atauliza: kama watu waliishi na maziwa bila herufi hiyo, iliwafaa nini? Maziwa ya mgando yana sukari kidogo, kwa hiyo kibuyu cha kugandishia kilikuwa kimekwisha kutatua nusu ya tatizo. Watafiti waliochunguza Ulaya mwaka 2022 walipendekeza kwamba tofauti hujitokeza wakati wa njaa na maradhi, pale ambapo kuharisha hakuishii kwenye usumbufu bali kunaua. Sidai kwamba hilo limethibitishwa kwa Ugogo, yaani uwanda huu wa Dodoma, ila hoja inaingia akilini katika nchi yenye msimu mmoja wa mvua usiotabirika, nchi ambayo sotoka iliteketeza ng'ombe wake miaka ya 1890 na njaa ya Mtunya ikaua watu wengi kati ya 1917 na 1920. Pingamizi gumu zaidi linatoka kwa Wahadzabe, ambao hawafugi, lakini takriban nusu ya waliopimwa walimudu maziwa. Huenda waliupata uwezo huo kwa kuzaliana na wafugaji, au kimeng'enya hicho kiliwasaidia kumeng'enya baadhi ya mimea. Vyovyote iwavyo, hakuna mtu aliyewapa zawadi kwa kufika levo fulani.

Wapo watakaoitetea gemu kwamba kiwavi naye hugeuka kipepeo, na Satoshi Tajiri, mwanzilishi wake, alikuwa mkusanyaji wa wadudu utotoni. Utetezi huo naukubali, maana ndio unaoonyesha kosa lilipo: gemu imeiga ukuaji wa mdudu mmoja ikaupa jina la historia ya ukoo mzima. Toleo la 1999 liliongeza mayai na uzazi, na hapo likasogea karibu zaidi na ukweli kuliko kwenye skrini inayometameta.

Uzazi wa namna hiyo ulifanyika mashariki ya Ipagala, kwenye kituo cha mifugo cha Mpwapwa. Wataalamu walitaka ng'ombe wa maziwa na nyama atakayestahimili ukame, wakachanganya zebu wa kienyeji na Red Sindhi, Sahiwal, Boran na wengineo, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 aina ya Mpwapwa ikawa imepata jina. Hakuna mtamba aliyebadilika zizini. Mtamba wa nundu ndogo alizaa ndama, ndama akapimwa maziwa akikua, dume fulani akachaguliwa na mwingine akapelekwa machinjioni. Ni kweli mkono wa binadamu ndio uliochagua, lakini Darwin naye, mwaka 1859, alianza hoja yake kwa njiwa wa wafugaji. Tena aina hiyo haikupanda tu. Madume halisi walikuwa wachache, wafugaji wakapandisha kwa zebu waliokuwa karibu, na idadi ya Mpwapwa ikapungua hadi wakahesabiwa miongoni mwa ng'ombe walio hatarini kutoweka, huku damu yao ikibaki imetawanyika katika mifugo ambayo hakuna anayeiita kwa jina hilo.