Wosia Uliohifadhiwa kwa Moyo

Tuseme, msomaji, mzee mmoja ameandika wosia kwa mkono wake mwenyewe, akautia sahihi mbele ya mashahidi wawili, kisha akaufungia sandukuni. Siku afapo, sanduku lafunguliwa, na wosia haumo. Je, maneno yake yamepotea pamoja na karatasi? Swali hili liliingia katika mahakama ya Uingereza mwaka 1875, na mzee aliyelizusha hakuwa mjinga wa sheria.

Alikuwa Edward Sugden, mwana wa kinyozi wa London, aliyezaliwa mwaka 1781. Kwa bidii yake alipanda hata mwaka 1852 akawa Lord Chancellor, cheo kikuu cha sheria katika nchi ile, akaitwa Lord St Leonards. Mwaka 1858 hata alitoa kitabu cha kuwafafanulia watu wa kawaida sheria ya mali. Alifariki Januari 1875, mwenye umri wa miaka 93, nyumbani kwake Thames Ditton. Sandukuni zilionekana nyongeza nane alizoziandika baada ya wosia wake wa mwaka 1870. Wosia wenyewe haukuonekana.

Hasara ilimkabili binti yake Charlotte, ambaye hakuolewa, akaishi na babaye na kumsaidia katika shughuli zake. Kwa sheria ya wakati ule, ardhi ya mtu asiyeacha wosia ilimwendea mrithi mmoja wa kiume, naye alikuwa mjukuu wa marehemu. Tena sheria ilikuwa na dhana ngumu: wosia uliokuwa mikononi mwa mwenyewe, usipoonekana baada ya kufa kwake, huhesabiwa kwamba ameuharibu kwa makusudi. Aliyedai vinginevyo ilimpasa kuthibitisha.

Basi Charlotte akasimama mbele ya Jaji Hannen. Alikuwa ameusoma wosia ule mara nyingi, na babaye alizoea kuuzungumza naye. Kwa hiyo alikuwa ameandika yaliyokuwamo kwa kumbukumbu tu: nani alipewa nini, na kwa masharti gani.

Najua utakalosema, kwa maana wanafunzi wangu husema lilo hilo: “Lakini yeye mwenyewe ni mfaidiwa!” Naam, na kama mahakama ingalikuwa na neno lake peke yake, sijui kama lingalitosha. Lakini zile nyongeza nane zilikuwapo, kwa mwandiko wa marehemu. Nyongeza huongeza hapa na kupunguza pale katika wosia uliotangulia, hivyo hubeba alama za wosia ule kama udongo ubebavyo nyayo za mtu aliyekwisha pita. Maneno ya binti yalipolinganishwa nazo, yaliafikiana. Tena mzee mwenyewe, hata karibu na kufa kwake, alikuwa akiutaja wosia kama kitu kilichopo; na sanduku halikuwa mahali pasipofikiwa na wengine. Mtu aliyeutengeneza wosia wake mara nane angewezaje kuuchoma kimya kimya?

Hannen alimwamini. Mwaka 1876 mahakama ya rufani ilithibitisha hukumu yake, ijapokuwa Jaji Mellish, aliyekubali matokeo, alikataa kwamba maneno aliyoyasema mzee baada ya kuuandika wosia yapokewe kuwa ushahidi wa yaliyokuwamo. Mwaka 1886 majaji wa House of Lords nao walionyesha mashaka juu ya jambo hilo. Kwangu mimi mashaka yao yana haki: mzee aweza kumwambia kila jamaa lile analopenda kulisikia.

Hapa Kenya, Sheria ya Urithi iliyotungwa mwaka 1972 inakubali hata wosia wa mdomo, mradi usemwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, naye msemaji afariki katika miezi mitatu. Lakini mashahidi hao wakihitilafiana juu ya yaliyosemwa, hukubaliwa yale tu yanayothibitishwa na shahidi asiyepata kitu katika wosia huo, wala mumewe wala mkewe asipate. Charlotte, kwa kipimo hicho, asingalihesabiwa.