Kutililia

Juni na Julai, baridi ya Usambara haina mchezo. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku soksi ya sufu si pambo. Ikitoboka kisigino, wengi husema, "Itie kiraka." Hapana. Kiraka ni kipande cha kitambaa kinachoshonewa juu ya tundu. Soksi iliyofumwa kwa mkono haitaki kipande, inataka kutililiwa.

Kutililia ni kuliziba tundu kwa uzi mtupu. Ingiza balbu iliyoungua ndani ya soksi, kisigino kikae juu ya mviringo wake. Anza mbali kidogo na tundu, penye ufumaji mzima. Pitisha nyuzi zote upande mmoja, kisha geuza, uzipitishie nyuzi za kukingama: juu ya mmoja, chini ya unaofuata. Usivute sana. Ukivuta, kisigino kitajikunja na kiatu kitamchubua mtoto njiani.

Neno soksi lilitujia kutoka Kiingereza, kama vile neno shule lilivyotoka Kijerumani, enzi Lushoto ikiitwa Wilhelmstal. Neno kutililia tunalo wenyewe, nasi tunaliachia kamusi! Inaniuma, maana mitumba ni rahisi siku hizi na sindano nene imesahaulika kwenye droo. Mama unayefuma sweta, mwanao akikuletea soksi iliyotoboka, mwambie hivi: "Lete niitililie."